Picha ya Ubongo Vimelea na Virusi Vinapokutana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninafanya kazi kwenye chumba cha picha hapa Dodoma. Wagonjwa hutufikia kutoka Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Chemba, wengine Manyoni na Singida, na ndugu wanaowaleta hukaa benchi la nje saa nyingi. Pale benchini ndipo maswali ya kweli yanapoulizwa. Kwa daktari watu huitikia "sawa", wakitoka mlangoni wanageukiana: amesemaje? Nimeyakusanya maswali hayo jinsi yanavyoulizwa, nikayajibu kwa urefu yanayostahili. Mengine yanamalizika kwa maneno machache.

Mtu mmoja anawezaje kuwa na vimelea na virusi kichwani kwa wakati mmoja?

Anaweza, na kwa mazingira yetu si jambo la ajabu. Kwanza tutenganishe maneno, maana mtaani vyote huitwa "wadudu". Virusi ni vidogo mno na haviwezi kuzaana mpaka vijipenyeze ndani ya chembe hai za mwili: VVU, herpesi, virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Vimelea ni viumbe vyenye maisha yao kamili. Vingine ni vya chembe moja, kama vya malaria na toksoplasma; vingine ni minyoo, kama tegu la nguruwe. Dawa inayoua kundi moja hailigusi kundi la pili.

Mara nyingi VVU ndivyo hufungua mlango. Toksoplasma huingia mwilini mapema, pengine utotoni, kwa kinyesi cha paka kilichochafua udongo au mboga, au kwa nyama isiyoiva. Kinga ya mwili huibana, ikalala kimya miaka na miaka. Kinga ikishuka sana, hasa chembe za kinga ziitwazo CD4 zikifika chini ya 100, inaamka na kuutafuna ubongo.

Wakati mwingine ni kugongana tu. Chukulia mfugaji wa Kongwa aliye na tegu kichwani kwa miaka saba bila kujua. Mwaka huu anashikwa na homa ya virusi, anachanganyikiwa, anakimbizwa hospitali. Picha inaonyesha tegu, na kila mtu anapumua: tumeshajua. Kumbe tegu lilikuwa limelala zake, na kilichomwangusha juzi ni kitu kingine kabisa. Hofu yangu kubwa katika kazi hii ni hiyo, kwamba tukishapata kimoja tunaacha kutafuta. Majibu mengi hapa chini yanarudi palepale.

Je, picha itamwonyesha mdudu mwenyewe?

Kwa kawaida hapana. Virusi havionekani kwenye picha hata mashine iwe mpya namna gani. Tunachokiona ni uharibifu: sehemu iliyovimba, maji yaliyojaa, damu iliyovuja, mshipa ulioziba, kovu la zamani. Ni sawa na mkulima anayefika shambani asubuhi akakuta karanga zimefukuliwa. Kwa namna zilivyofukuliwa anajua kama ni ngiri au nungunungu, ila mnyama mwenyewe ameshaondoka. Na kama usiku ule walipita wote wawili, nyayo zinachanganyikana.

Tegu la nguruwe ni la kipekee. Buu lake hukaa ndani ya kifuko chenye maji, na ndani ya kifuko hicho kuna nukta moja, ambayo ni kichwa cha mnyoo. MRI, yaani picha ya sumaku, ikionyesha kifuko na nukta yake, ugonjwa umejitaja jina. Kila ninapoiona humwita mwenzangu aje aitazame, kwa sababu ni nadra picha kutoa jibu lililo wazi kiasi hicho.

CT na MRI zinatofautianaje? Ipi bora?

Inategemea kinachotafutwa. CT hutumia eksirei na humalizika kwa dakika chache, kwa hiyo ndiyo ya mgonjwa aliyeletwa hajitambui, au anayerusha mikono na hawezi kutulia. Inaona vizuri damu mpya, uvimbe unaosukuma ubongo, na chokaa inayobaki mabuu ya tegu yanapokufa.

MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Inachukua dakika 30 hadi 45, na inaona mambo ambayo CT inayapita. Uvimbe wa ubongo unaoletwa na herpesi huanzia mara nyingi kwenye sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio. Siku za mwanzo CT inaweza kutoka safi huku MRI ikiuonyesha waziwazi. Vivyo hivyo na ugonjwa unaoletwa na virusi vya JC kwa watu ambao VVU vimeshusha kinga yao: unakula nyuzi nyeupe za ubongo taratibu bila kusukuma chochote, na CT inaweza kuonyesha kivuli hafifu tu. Lakini MRI nayo huweza kuipita chembe ndogo ya chokaa ambayo CT ingeikamata. Ndiyo maana daktari akitaka zote mbili, usidhani ya kwanza iliharibika.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ina mashine zote mbili. Wanaokumbuka enzi za kusafirisha mgonjwa mwenye degedege usiku kucha hadi Dar es Salaam kwa ajili ya picha moja wanajua hilo lina maana gani.

Tumeambiwa kuna "vidoa vyenye pete". Ni nini hicho?

Hili nitalijibu kwa kirefu, maana ndilo linalotesa familia nyingi, na sisi wenyewe hutufanya tukae mbele ya kioo muda mrefu.

Mgonjwa hupewa dawa kwenye mshipa ili picha ing'ae pale ambapo mishipa ya ubongo inavuja. Mahali penye uambukizi, ukingo hung'aa na katikati hubaki peusi; ndiyo pete. Pete yenyewe haisemi ni nani aliyeichora. Toksoplasma huchora pete. Buu la tegu linalokufa huchora pete. Kifua kikuu cha ubongo huchora pete, jipu la bakteria vilevile, na pia saratani ya limfu inayoota ubongoni kwa wenye VVU, ambayo husukumwa na virusi vingine viitwavyo Epstein-Barr.

Hivyo tunatazama mazingira ya pete. Zikiwa nyingi, baadhi zikiwa katikati kabisa ya ubongo na nyingine kwenye mpaka wa sehemu nyeupe na ya kijivu, kwa mtu mwenye VVU ambaye hakuwa akimeza septrini, dawa ya kumkinga, toksoplasma inatangulia kwenye orodha. Ikiwa pete ni moja tu, na inakumbatia vyumba vya maji ya ubongo, saratani ya limfu inapanda juu. Zikiwa ndogo, kando yake kuna nukta za chokaa na pengine kifuko kimoja ambacho bado ni kizima, tunafikiria tegu, kwa sababu tegu huweza kuonekana likiwa kwenye hatua tofauti ndani ya kichwa kimoja: moja hai, moja linavimba, jingine limeshageuka kovu.

Sasa weka yote hayo kwa mgonjwa mmoja. Mwanamke wa miaka 34, ana VVU, aliacha dawa, kwao wanafuga nguruwe. Ana nukta tatu za chokaa na pete mbili kubwa zilizozungukwa na uvimbe. Chokaa ni tegu la zamani, hilo halina ubishi. Lakini je, pete ni mategu mengine yanayokufa, au toksoplasma iliyoamka? Picha peke yake haiwezi kuapa. Kipimo cha damu cha kingamwili za toksoplasma kikitoka hasi, toksoplasma inakuwa na uwezekano mdogo. Kikitoka chanya kinasema tu kwamba aliwahi kuambukizwa, na watu wazima wengi wamewahi.

Mimi siijui ladha ya kitimoto tangu nizaliwe. Vipi mseme nina tegu la nguruwe kichwani?

Swali hili huulizwa kwa uchungu. Nimewaona wazee wa Kondoa wakiinamisha uso mbele ya wake zao, kana kwamba picha imewatuhumu. Naomba lieleweke, na lisemwe misikitini na makanisani pia.

Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko hupata mnyoo mrefu tumboni. Hapati tegu la ubongo kwa kuila nyama ile. Tegu la ubongo linatokana na mayai ya mnyoo, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu aliyebeba mnyoo tumboni. Yanafika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, maji ya kisima, mchicha uliomwagiliwa maji machafu, chakula cha mpishi asiyejua kwamba ana mnyoo. Kwa hiyo Mwislamu safi wa swala tano, au mtu asiyekula nyama ya aina yoyote, anaweza kuwa nalo. Nguruwe naye ameambukizwa na sisi: anazurura, anakula kinyesi kilichoachwa porini, mayai yanageuka vifuko kwenye nyama yake.

Ukiona nyama ina vijipunje vyeupe vyenye maji, usiinunue, hata ikiwa imeshakaangwa nusu kibandani. Ukisikia mtu nyumbani anapata vipande vyeupe bapa kwenye choo kikubwa, mpeleke akapimwe na kutibiwa. Yeye ndiye chanzo, na mara nyingi haumwi chochote.

Mtoto amekutwa na malaria. Kwa nini bado mnahangaika na kichwa?

Kwa sababu kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na kuzimia kwa ajili ya malaria ni mambo mawili. Dodoma na Singida ni mikoa yenye malaria kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa au kusini. Lakini watoto wetu wanasafiri, na mtoto aliyetoka likizo Geita anaweza kurudi na vimelea damuni, kisha akashikwa na virusi vya ubongo hapa hapa nyumbani.

Somo kubwa limetoka kwa jirani zetu Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalihusu watoto 31 waliofariki wakiwa wamehesabiwa kuwa na malaria ya ubongo. Walipochunguzwa baada ya kifo, 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine, ingawa vimelea vilikuwemo damuni. Baadaye, hospitali hiyohiyo ilipotafuta virusi kwa watoto waliolazwa wakishukiwa kuwa na maambukizi ya ubongo, karibu robo yao walikutwa na virusi, na baadhi walikuwa na malaria pia. Kumbuka watoto hawa wangeandikiwa "malaria kali" na faili likafungwa.

Kinachosaidia kutenganisha ni jicho. Daktari akimulika nyuma ya jicho la mtoto mwenye malaria halisi ya ubongo, huona madoa meupe, mishipa iliyobadilika rangi na vitone vya damu. Asipoviona, aendelee kutafuta. Kipimo hicho hakihitaji umeme wa gridi wala safari ya kuja mjini, na ninatamani kila kituo cha afya kiwe na kifaa hicho na mtu aliyefundishwa kukitumia.

MRI nayo ilifundisha jambo. Blantyre walichunguza watoto 168 wenye malaria ya ubongo, matokeo yakatoka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba sana tangu picha ya siku ya kulazwa. Waliopona, wengi uvimbe wao ulikuwa mdogo au ulipungua haraka. Mashine waliyotumia ilikuwa ndogo, yenye sumaku ya tesla 0.35 tu, ilitosha.

Ila sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, haisubiri picha. Mtoto aanze dawa kwanza, kichwa kitapigwa picha akiwa ametulia.

Hapa kwetu kuna virusi gani vya kuogopa zaidi?

VVU kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyowafungulia wengine. Herpesi pia, maana ina dawa, na kuchelewa kuianza kunaacha ulemavu. Madaktari huanza asikloviri kabla majibu hayajarudi, na wako sahihi. Kichaa cha mbwa hakisubiri picha: ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, nenda ukachanjwe siku hiyohiyo.

Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu yake mwenyewe: homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilileta mbu wengi, na katika mlipuko wa 2007 Dodoma ndio mkoa uliokuwa na wagonjwa wengi kuliko mingine yote nchini. Mbuzi na kondoo walitupa mimba, ng'ombe wakafa, watu wakaambukizwa kwa kuchinja, kushika mizoga, kunywa maziwa mabichi na kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na kupona. Wachache, chini ya mmoja kati ya mia, virusi hufika ubongoni wiki moja hadi nne baada ya homa ya kwanza, na wengine huharibika macho.

Zingatia muda huo. Mgonjwa ameshapona homa, familia imeshasahau, kisha anaanza kuchanganyikiwa. Kama amewahi kufuga nguruwe na picha ikaonyesha tegu, hakuna atakayekumbuka mbuzi waliotupa mimba mwezi uliopita. Tuambieni kuhusu mifugo. Hata kama muulizaji anaonekana ana haraka, mwambieni.

Picha imetoka safi, lakini bado hajitambui. Mmekosea?

La. Picha safi haimaanishi ubongo mzima. Tando za ubongo zinaweza kuwa na uambukizi mkali bila kuonyesha kitu, na virusi vingi haviachi alama siku za mwanzo. Sukari ya damu iliyoshuka, au degedege linaloendelea ndani kwa ndani bila mwili kutikisika, navyo havionekani kwenye picha. Mgonjwa anaendelea kuchunguzwa, na pengine picha inarudiwa baada ya siku chache.

Ni kweli kutoa maji ya uti wa mgongo kunapoozesha?

Hapana. Sindano huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umeshaishia juu yake. Wengi waliopooza baada ya kipimo walikuwa tayari na ugonjwa unaopoozesha, na kipimo kikabeba lawama. Naijua familia moja iliyokataa mara mbili. Siku walipokubali, jibu lilikuwa fangasi wa kriptokokasi, ambaye si kirusi wala kimelea, na ambaye hatukuwa tumemwona kwenye picha.

Hatari ya kweli ipo sehemu moja: uvimbe mkubwa unaposukuma ubongo upande mmoja, kuondoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo kushuka. Ndiyo maana kwa baadhi ya wagonjwa picha hutangulia, kisha maji. Maji hayo ndiyo yanayoweza kutaja virusi kwa jina, kwa kutafuta vinasaba vyake, jambo ambalo mashine yangu haiwezi.

Ameshatibiwa wiki mbili na ana nafuu. Picha ya pili ya nini?

Hii ndiyo picha ninayoithamini kuliko zote. Toksoplasma ikitibiwa vizuri, kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 14 pete zinaanza kunywea. Picha ya pili inauliza: zimenywea zote?

Zikinywea tatu na moja ikakua, kuna wawili mle ndani. Huenda ile iliyokua ni saratani ya limfu, au kifua kikuu. Zikinywea zote lakini nyuzi nyeupe zimeanza kubadilika upande mwingine, virusi vya JC vinaingia kwenye mashaka. Mgonjwa anayejisikia nafuu ndiye rahisi kumruhusu arudi nyumbani na nusu ya ugonjwa. Tena, dawa za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni, huifanya saratani ya limfu inywee kwa muda na kumdanganya kila mtu. Kama mgonjwa alipewa, msomaji wa picha lazima ajue, na ajue tarehe.

Kuna hali nyingine inayowatisha ndugu. Mgonjwa ameanza dawa za kufubaza VVU, virusi vinashuka, kinga inarudi, na ghafla kichwa kinauma upya na picha inaonekana mbaya zaidi. Huenda dawa zinafanya kazi vizuri kabisa: askari wamerudi kambini na wanapigana na kimelea ambacho zamani walikuwa wanakipita tu. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Arudi hospitali.

Tegu limeonekana. Kwa nini asimezeshwe dawa ya minyoo leo?

Kwa sababu mnyoo unaokufa kichwani husumbua kuliko unaoishi. Ukiwa hai umejificha kinga isiuone. Ukifa, ubongo unaozunguka unavimba, degedege linaanza au linazidi. Albendazoli hupewa, na vifuko vizima vikizidi viwili huongezwa prazikuanteli, lakini chini ya uangalizi na pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Mgonjwa ambaye ubongo umeshavimba sana, au ana shinikizo kubwa kichwani, hapewi dawa ya kuua mnyoo kwanza. Macho pia hukaguliwa, maana tegu likiwa ndani ya jicho na likafa humo, mtu hupofuka.

Ikiwa kuna VVU, mambo yanazidi kuhitaji umakini. Baadhi ya dawa za kifafa zilizozoeleka kwetu, yaani finobabito, fenitoini na kabamazepini, huyeyusha nguvu ya dawa nyingine mwilini. Hushusha prazikuanteli na albendazoli, na hushusha dolutegraviri, dawa iliyomo kwenye kidonge cha kila siku wanachopewa wengi CTC, yaani kliniki ya wenye VVU. Mgonjwa anameza kila kitu kwa uaminifu, na virusi vinapanda. Kwa anayetumia kabamazepini, dolutegraviri huhitaji kumezwa mara mbili kwa siku. Mara nyingi ni afadhali kubadilisha dawa ya kifafa. Daktari wa kifafa na wa CTC wasipozungumza, wewe ndugu ndiye uwaunganishe: beba dawa zote kila unapokwenda kliniki yoyote kati ya hizo mbili.

Imeandikwa "chokaa" tu. Amepona?

Tegu lile limekufa na halihitaji dawa ya minyoo. Lakini kovu linaweza kuendelea kuleta kifafa kwa miaka, na dawa za kifafa zinaendelea.

Bibi amevaa bangili za shaba ambazo hazijavuliwa tangu alipoolewa. Atapigwa MRI?

Mbukwa, bibi. Tutazungumza nawe taratibu, na kama bangili hazitoki kwa sabuni, tutashauriana na daktari. Shaba haivutwi na sumaku kama chuma, ila inaweza kupata joto. Vitu vyote vya chuma vibaki nje: hereni, pini za nywele, nywele za bandia zilizoshonewa waya, simu, kadi, funguo. Hirizi pia, kwa sababu nyingine zina chuma ndani. Tunaipokea kwa heshima, anaishika ndugu mlangoni. Mwenye kipande cha risasi mwilini, au aliyewahi kuingiwa na cheche za chuma jichoni kwenye kazi ya kuchomelea, aseme mapema. Mashine inapiga kelele kubwa. Utapewa kinga ya masikio.

Mionzi ya CT ina madhara?

CT moja ya kichwa hutoa mionzi ya takriban milisiveti 2 (kipimo cha mionzi), ambayo unaweza kuilinganisha na ile unayoipata kutoka ardhini na angani kwa miezi kadhaa. Palipo na sababu, faida inazidi. Mjamzito aseme. MRI haina mionzi hiyo.

Watu wanasema amerogwa, wengine wanasema apelekwe Mirembe. Tufanyeje?

Sitagombana na imani ya nyumba ya mtu. Ninachoomba ni mpangilio. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 25 au 40, au anayebadilika tabia ndani ya wiki chache, ubongo wake uchunguzwe kwanza. Toksoplasma huweza kumfanya mtu aseme ovyo. VVU vyenyewe huweza kumfanya asahau njia ya kwake. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili inayoheshimika na imewasaidia watu wengi, na wataalamu wa magonjwa ya akili nao hutaka kujua kama kuna uambukizi kabla ya kuanza tiba ya muda mrefu.

Haydom, mkoani Manyara, waliwapiga CT watu wenye kifafa zaidi ya 200, matokeo yakachapishwa 2009. Kama mmoja kati ya kila sita alikuwa na dalili za tegu kwenye picha. Fikiria ni wangapi kati yao walikuwa wamekatazwa kuoa, kupika, hata kuchangia bakuli.

Na anapoanguka, msimguse mdomo wala msimwekee kijiko. Mgeuzeni ubavu, ondoeni mawe na moto karibu naye, hesabuni dakika. Zikipita tano bila kutulia, ni dharura.

Tuje na nini siku ya picha?

Picha zote za zamani, hata ya miaka kumi iliyopita iliyokunjwa chini ya godoro. Kifuko kilichokuwepo wakati ule na ambacho leo ni chokaa kinatupa historia nzima. Majibu ya CD4 na wingi wa virusi kama yapo, na kama hali ya VVU haijulikani, mkubali kupima. Mje na mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, kwa kuwa ndiye anayejua homa ilianza lini, degedege lilianzia mkono upi, nguruwe wanalala wapi, mbuzi wangapi walitupa mimba, nani kasafiri. Mje na dawa zenyewe anazotumia, za hospitali na za miti shamba, pamoja na pakiti zilizokwisha.